Maswali ya Wasomaji: Krismasi ya Kwanza Baada ya Msiba

Majilio yanapoanza, barua za wasomaji waliofiwa huongezeka. Mwezi huu tumechagua tatu. Ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu aliyeiandika ameuliza waziwazi jambo ambalo wengi hulibeba kimya.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Dar es Salaam. Mume wangu alifariki mwezi Juni mwaka huu baada ya kuugua kwa muda mfupi, nasi tukamzika nyumbani kwao Machame, kihambani, yaani katika shamba la ukoo, karibu na kaburi la baba yake. Kila Krismasi tulikuwa tukienda nyumbani na watoto. Yeye ndiye aliyechinja mbuzi na kuigawa nyama, na usiku wa mkesha tuliimba na kwaya ya usharika, yeye besi na mimi sauti ya pili. Watu hututania kwamba Wachaga tunakwenda kuhesabiwa. Mwaka huu nikilisikia neno hilo kifua kinabana, kwa kuwa tutahesabiwa tukiwa tumepungua. Mama mkwe anataka twende. Shemeji zangu wamesema tarehe 26 kutakuwa na ibada kaburini, na kwamba kaburi liwe limejengewa kabla ya siku hiyo. Mwanangu wa mwisho, mwenye miaka sita, aliniuliza, "Mama, Krismasi baba atakula wapi?" nikashindwa kumjibu. Halafu Jumapili iliyopita mhubiri alisema kwamba Mkristo asiyefurahi Krismasi bado hajampokea Kristo. Je, ninatenda dhambi? Na je, niende nyumbani au nisiende?
Mama wa watatu, Dar es Salaam

JIBU: Amina, dada yangu, na pole sana. Pole wewe, pole kwa watoto, na pole kwa mama mkwe wako ambaye amemzika mwanawe karibu na mumewe.

Naanza na neno la mhubiri, kwa kuwa nadhani ndilo lililokuumiza kuliko mengine yote. Hapana, hutendi dhambi. Malaika aliyewatokea wachungaji nje ya Bethlehemu alisema, "Msiogope, kwa kuwa mimi ninawaletea habari njema ya furaha kuu itakayokuwa kwa watu wote" (Luka 2:10). Alichowaletea ni habari. Hakuwaagiza wachangamke, wala hakukagua nyuso zao kuona kama zimefurahi vya kutosha. Habari humkuta mtu katika hali aliyo nayo, na hubaki kuwa kweli hata kama aliyeisikia hana nguvu ya kuishangilia siku hiyo. Wachungaji walirudi wakimsifu Mungu kwa sauti, lakini Mariamu, aliyekuwa karibu na mtoto kuliko wote, "akayaweka maneno hayo yote, akiyafikiri moyoni mwake" (Luka 2:19). Hakuna popote ambapo Luka anasema kwamba wachungaji walifanya vyema kuliko Mariamu. Mwaka huu nafasi yako ni ile ya Mariamu, nayo ni nafasi ya heshima.

Nakuomba usome sura hiyo ya pili ya Luka yote, usiishie kwenye hori ambapo masomo ya usiku wa mkesha huishia. Mbele kidogo utamkuta mtoto akipelekwa hekaluni baada ya siku za utakaso kutimia, ambazo kwa sheria ya Walawi 12 zilikuwa arobaini kwa mama aliyejifungua mtoto wa kiume. Ndiyo maana makanisa mengi huadhimisha tukio hilo tarehe 2 Februari. Sisi tunaijua arobaini kama siku ya kumaliza msiba. Mariamu yeye, katika arobaini yake, aliambiwa juu ya msiba ambao bado uko mbele: mzee Simeoni alimbeba mtoto, akamshukuru Mungu, kisha akamgeukia mama na kumwambia, "Nawe mwenyewe, upanga utaingia moyoni mwako" (Luka 2:35). Shukrani na upanga vilitoka katika kinywa kimoja, siku moja, juu ya mtoto mmoja. Na mtu wa pili kukutana nao pale hekaluni alikuwa mjane. Jina lake Ana, binti Fanueli, aliyekaa na mume miaka saba tu kisha akaishi katika ujane hadi uzee mwingi. Luka anasema kwamba huyo mjane alimshukuru Mungu na kuwapa habari za mtoto wote waliokuwa wakiutarajia ukombozi. Miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuitangaza Krismasi mjini Yerusalemu alikuwamo mwanamke aliyekuwa amelala peke yake kwa miaka mingi kuliko ambayo wewe umeishi.

Mathayo naye ameweka kilio ndani ya habari yake. Herode anawaua watoto wa Bethlehemu, na mwinjilisti anayakumbuka maneno ya nabii Yeremia juu ya Raheli "akiwalilia watoto wake, asikubali kufarijiwa, kwa kuwa hawako" (Mathayo 2:18). Mathayo hamkemei Raheli kwa kukataa kufarijiwa. Anamwacha alie, katikati ya sura ile ile yenye nyota na mamajusi na furaha yao kubwa mno.

Kwa hiyo anayesema kwamba Krismasi haina nafasi ya machozi atakuwa amesoma nusu ya habari. Mimi ningekwenda mbali zaidi na kusema kwamba Krismasi ilikuja kwa ajili ya kifo hasa. Waraka kwa Waebrania unaeleza sababu ya Mwana wa Mungu kuushiriki mwili na damu yetu: ni "ili kwa njia ya mauti amharibu yeye aliyekuwa na nguvu za mauti, yaani, Ibilisi" (Waebrania 2:14). Hangeweza kufa bila kuzaliwa. Yule mtoto mchanga alivaa mwili unaoweza kuugua, kuchoka na kuzikwa, mwili kama wa mume wako, ili ashuke kaburini na kulifungua kwa ndani. Paulo anapoandika habari hizi hasemi kwamba mauti ni rafiki au kwamba tuizoee. Anaiita "adui wa mwisho" atakayebatilishwa (1 Wakorintho 15:26). Una haki ya kumchukia adui huyo, na kumchukia si kukosa imani. Bwana wetu mwenyewe alilia machozi akielekea kaburi la Lazaro, huku akijua kwamba baada ya muda mfupi atamwita atoke.

Basi furaha ya Kikristo ni nini kwa mtu aliye katika hali yako? Ni ile ambayo Yesu aliwaahidi wanafunzi usiku ule kabla hajafa: "Basi ninyi hivi sasa mna huzuni, lakini mimi nitawaona tena, na mioyo yenu itafurahi, na furaha yenu hakuna awaondoleaye" (Yohana 16:22). Yeye mwenyewe ameikubali huzuni ya sasa na kuitaja wazi, kisha akaiweka furaha mahali ambapo msiba hauwezi kufika. Mwaka huu huenda utaionja kidogo sana, pengine katika mstari mmoja wa wimbo, au mtoto atakaposema neno ambalo baba yake alipenda kulisema nanyi nyote mkacheka. Wajane wengi niliokaa nao wameniambia kwamba kilichowatisha si machozi, maana hayo waliyatarajia, bali kicheko cha kwanza: walijihisi kama wamemsaliti marehemu. Kikija, usikizime. Kumpenda hakupimwi kwa uzito wa uso wako.

Sasa niingie katika mambo ya safari, kwa sababu najua tiketi za mabasi ya Desemba hazisubiri.

Kwenda au kutokwenda si suala la imani, na yeyote asikufanye uone kwamba ukibaki Dar es Salaam umemkosea Mungu au ukoo. Hata hivyo ukiniuliza maoni yangu, nitasema uende, kwa sharti kwamba usiende kama mgeni wa ratiba iliyopangwa na wengine. Sababu yangu ni watoto. Wamemzika baba yao Juni katikati ya umati, maturubai na vipaza sauti, na inawezekana hawajapata hata mara moja nafasi ya kusimama penye kaburi lile kwa utulivu, na mama yao akiwa hana watu mia wa kuwahudumia. Tena bibi yao yuko pale, naye anaomboleza mwanawe. Mkiwa pamoja mtalia, lakini mtalia na mtu anayemjua mnayemlilia.

Kabla ya kusafiri, piga simu. Mwambie mama mkwe, kwa adabu yote anayostahili, mambo mawili au matatu: kwamba utakuja, kwamba ukihitaji kuingia chumbani na kujifungia saa nzima asikuone umekasirika, na kwamba ungependa jambo la mbuzi liamuliwe mapema. Hili la mwisho linaweza kuonekana dogo, lakini mimi naliona ni kubwa. Nyumba iliyofiwa haivunjiki moyo wakati wa sala ndefu. Huvunjika pale mtu anapoletewa kisu na kila mmoja anatazama pembeni kwa sababu hakuna ajuaye ni nani sasa wa kukishika. Mwombe shemeji mkubwa achinje na kugawa, na kama kijana wako wa kwanza ana umri wa kutosha, asimame karibu naye ashike sahani. Jina la baba yake litajwe pale pale, mbele ya wote, katika sala ya chakula. Kumtaja si kutonesha kidonda. Kidonda kipo, na familia nzima kukaa mezani bila kuthubutu kulitaja jina ndiko kunakochosha.

Kuhusu kaburi, nitasema waziwazi. Kujengea kaburi ni heshima njema, lakini hakuna andiko lolote wala utaratibu wa kanisa ninaoufahamu unaodai lijengewe kabla ya Krismasi ya kwanza. Kama fedha ipo na moyo wako uko tayari, vema. Kama fedha hiyo ndiyo ya sare na madaftari ya Januari, waambie shemeji zako kwamba mwaka huu msalaba wa mbao na maua yaliyopandwa na watoto vinatosha, na kwamba simenti itafuata. Ibada ya tarehe 26 ni jambo zuri, ila iwe fupi na iongozwe na mchungaji au mwinjilisti wa mtaa, kisha muda ubaki wa ninyi wanne peke yenu. Na kwa kuwa vikao vya ukoo navyo hupenda kufanyika katika siku hizo hizo watu wakiwa wamekusanyika, nakusihi kama dada: usitie sahihi karatasi yoyote inayohusu kihamba, nyumba au mirathi ukiwa katika machozi ya sikukuu. Sema kwa upole kwamba utaisoma na utajibu baadaye. Mambo hayo yana njia zake za kisheria na hayana haraka ya Krismasi.

Kwaya ni juu yako. Ukipanda jukwaani na sauti ikakatika katikati ya ubeti, sauti ya pili haitaanguka, kwa kuwa wenzako wapo. Ukikaa kwenye benchi na watoto na usiimbe hata neno, utakuwa bado umeshiriki, kwa kuwa kanisa huimba kwa niaba ya wale ambao siku hiyo hawawezi. Ndiyo faida mojawapo ya kuabudu pamoja badala ya kila mtu nyumbani kwake. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani bila neno la faraja, nayo imo katika Biblia yetu pamoja na zile za shangwe. Aliyeiweka humo alijua kwamba kuna siku ambazo mwamini hana kingine cha kumwambia Mungu.

Nimemwacha mtoto wa mwisho hadi hapa kwa kuwa swali lake linanigusa kuliko yote. Usimwambie kwamba baba amesafiri, kwa sababu aliyesafiri hurudi, naye ataanza kusubiri mlangoni. Usimwambie tu kwamba baba amelala, kwa sababu anaweza kuanza kuogopa usingizi wake mwenyewe. Mwambie kwa maneno yanayoeleweka kwamba baba alikufa, kwamba mwili wake hauna tena njaa wala maumivu, na kwamba yuko mikononi mwa Yesu, ambaye atamfufua. Akiuliza tena kesho, mjibu tena, bila kukasirika. Watoto wa umri huo huuliza jambo moja mara nyingi ili kuona kama jibu bado ni lile lile. Utamwona akilia sasa hivi na baada ya dakika tano anafukuza kuku na binamu zake. Usidhani hakumpenda baba yake. Watoto huibeba huzuni kwa vipande. Mnunulie nguo yake ya sikukuu kama kawaida, hata kama ni ya bei ndogo, na umwache aivae kwa furaha.

Ulisema kwamba mwaka huu mtahesabiwa mkiwa mmepungua. Katika hesabu ya macho ni kweli, na sitakudanganya kwamba si kweli. Lakini Yesu alipoulizwa na Masadukayo juu ya ufufuo wa wafu, kwa habari ya mjane aliyeolewa na ndugu saba, alimaliza kwa kusema kwamba Mungu "si Mungu wa wafu, bali wa walio hai, kwa kuwa wote huishi kwake" (Luka 20:38). Mbele zake mume wako hajafutwa katika orodha ya nyumba yenu.

Neno moja zaidi. Kama tangu Juni hulali usiku, chakula hakipiti, au umewahi kuwaza kwamba ni afadhali ungekufa wewe, usingoje sikukuu ipite. Mwone mchungaji wako wiki hii, na mwone daktari pia. Eliya alipochoka hadi kuomba afe, Mungu alimpa kwanza usingizi na mkate uliookwa kwenye makaa, mara mbili, ndipo akasema naye (1 Wafalme 19).

SWALI: Mama yetu aliaga dunia tarehe 24 Desemba, miaka minne iliyopita. Tangu hapo Mzee hataki Krismasi nyumbani: hakuna kupika, hakuna wageni, hata kanisani haendi siku hiyo. Ndugu zangu wawili wanasema tumheshimu, dada yetu mdogo analia kwamba tumenyimwa sikukuu. Tufanye nini?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Poleni nyote. Dada yenu hajakosea, na baba yenu vilevile hajakosea. Tarehe moja imebeba mambo mawili, na nyumba yenu imekuwa ikijaribu kuchagua moja.

Kanisa la kale halikuchagua. Siku ya pili tu baada ya kuzaliwa kwa Bwana, tarehe 26, liliweka kumbukumbu ya Stefano aliyepigwa mawe, na tarehe 28 kumbukumbu ya watoto waliouawa na Herode. Wapangaji wa kalenda ile hawakuona vibaya damu na maombolezo kukaa karibu na hori. Nanyi mnaweza kumpa mama yenu tarehe 24 yote: nendeni kaburini asubuhi, mpike chakula alichokipenda, mwombeni Mzee asimulie jinsi walivyokutana. Nashuku kwamba katika miaka hii minne hakuna aliyemwomba asimulie. Kisha tarehe 25 iwe ya Bwana, na anayetaka kwenda kanisani aende bila kuombewa ruhusa wala kulaumiwa akirudi. Mzee msimvute kwa nguvu. Mwulizeni tu, mmoja wenu, kwa faragha, kama angependa kusindikizwa. Akikataa, mmoja abaki naye nyumbani ili asikae peke yake.

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Katika jumuiya yetu kuna familia mbili zilizofiwa mwaka huu. Wanajumuiya wamegawanyika: wengine wanasema tuwatembelee Noeli, wengine wanasema tuwaache wapumzike kwa sababu tutawakumbusha. Shauri lako?
Katibu wa jumuiya, Mwanza

JIBU: Milele, amina. Nendeni. Hakuna mfiwa anayehitaji kukumbushwa. Alikumbuka kabla hajafumbua macho asubuhi. Wiki ya msiba nyumba ilijaa watu na rambirambi, na kufikia Desemba simu imenyamaza, kwa hiyo ziara yenu itakuwa na uzito kuliko ile ya kwanza.

Ila angalieni mtakayoyasema. Kuna maneno tuliyozoea misibani, kama vile "kazi ya Mungu haina makosa" na "Mungu alimpenda zaidi", ambayo humwacha mjane akijiuliza kama Mungu ndiye aliyemnyang'anya mumewe, na kama yeye alikuwa hampendi vya kutosha. Yaacheni nyumbani. Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na makosa yao yalianza pale walipoanza kueleza sababu. Mtume Paulo aliandika, "Lieni pamoja nao waliao" (Warumi 12:15), na hilo halihitaji hotuba. Mtajeni marehemu kwa jina, msimulie jambo moja jema mnalolikumbuka juu yake. Wekeni nia ya Misa kwa ajili yake na mwiambie familia siku na saa ili wafike. Msifike mikono mitupu na msifike wengi mno: watu wanne au watano, na mchele, mafuta na mkaa, na wawili kati yenu waingie jikoni wapike, ili mama wa nyumba asihangaike kuwaandalia ninyi.

Halafu, mnapopanga mchango huo, tengeni nusu yake msiipeleke Desemba. Ipelekeni wiki ya kwanza ya Januari, shule zinapokaribia kufunguliwa, na mwulizeni mama mtoto yupi hana viatu.